Nilipoikuta Tupolev kule Monino

Oktoba 2008 nilikuwa Moscow kwa kozi ya wiki tatu ya mafundi wa ndege. Jumamosi ya pili wenzangu walikwenda sokoni kutafuta makoti. Mimi nilipanda treni stesheni ya Yaroslavsky, nikaelekea mashariki hadi Monino, kwenye makumbusho ya jeshi la anga. Safari hiyo nilikuwa naidai tangu nikiwa darasa la tano.

Ndege za Monino nyingi zimeegeshwa nje, kwenye nyasi, na siku ile majani ya manjano yalikuwa yameganda juu ya mabawa kwa unyevu. Aliyetutembeza alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya. Kwa Warusi mtu mzima huitwa kwa jina lake pamoja na la baba yake, nami nilimwita hivyo siku nzima, ila moyoni nilikuwa namwita Mzee. Kirusi changu, nilichokipata Kiev enzi za uanafunzi, kilikuwa na kutu, lakini tulielewana.

Tu-144, ile ya abiria, nilipita bila kuiangalia mara mbili. Nilikuwa nimeshaiona Tu-22, ile ya kivita ya Wasovieti, ya kudondosha mabomu.

Ni ndefu kupita nilivyodhani, zaidi ya mita arobaini, nyembamba kama mkuki. Mabawa yamelazwa nyuma, madogo kwa mwili ule. Injini zake mbili hazipo chini ya bawa wala ubavuni. Zimekaa mkiani, juu, kila moja upande wake wa usukani wa wima. Nilisimama nikahisi mikono inakuwa ya baridi, na haikuwa baridi ya Oktoba.

Machi 1979 tulikuwa tunakaa Kirumba, Mwanza. Majeshi yetu yalikuwa yameshaingia ndani kabisa ya Uganda kumfuata nduli Iddi Amini. Gaddafi, aliyekuwa upande wa Amini, alimtaka Mwalimu arudishe askari nyuma, Mwalimu akakataa. Tarehe 29 Libya ikatuma Tu-22 kuja kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Mimi ninachokumbuka ni mabati kutetemeka, na mama kutuvuta wote watatu chini ya meza, mkono wake mmoja juu ya kichwa cha mdogo wangu. Halafu kimya. Halafu watu barabarani wakiulizana imepiga wapi.

Ilikuwa imepiga Saanane, kisiwa kilicho mbele ya mji, kama kilomita mbili tu, palipokuwa na bustani ya wanyama tangu 1964. Waliokufa walikuwa swala. Nilikuwa nimekwenda kuwaona na shule mwaka uliotangulia, na nililia kwa ajili yao wakati wakubwa wakimshukuru Mungu. Wote tulikuwa na haki.

Nilimsimulia Mzee habari hiyo pale pale, chini ya pua ya ndege. Alinisikiliza, kisha akavua kofia.

Akaanza kunionyesha. Chini ya tumbo, hapa, alikuwa anaingilia rubani. Kiti kilishushwa kwa reli, mtu akakaa, akapandishwa kama ndoo ya kisimani. Na ndege ikiharibika, kiti kilimtupa chini, si juu, kwa hiyo aliyepata hitilafu karibu na ardhi hakuwa na pa kukimbilia. Rubani ni mmoja tu, hana msaidizi pembeni. Mwelekeza njia amefungiwa mbele yake, chini, na wa tatu anaangalia nyuma. Kutua kulitaka spidi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, maana mabawa yale yalikatwa kwa ajili ya kukimbia, si kwa ajili ya kurudi nyumbani. Alisema haya bila kujisifu, kama mtu anayetaja marehemu.

Nilimuuliza swali lililonikera miaka 29: ndege ya kuzidi sauti inawezaje kukosa mji mzima?

Mzee akasema hiyo ilitengenezwa kubeba bomu moja la nyuklia au kombora kubwa, kwenda mara moja. Kwa bomu la namna hiyo, kukosa kwa kilomita moja si kitu.

Nilitoa daftari, tukapiga hesabu tukiwa tumeegemea tairi. Chukua ndege iliyo juu kilomita kumi. Bomu la kawaida, lisilo na uelekezi wowote, linachukua kama sekunde 45 kufika chini. Ndege ikienda kilomita 900 kwa saa, inakata mita 250 kila sekunde. Maana yake bomu linaachiwa zaidi ya kilomita kumi kabla ya shabaha. Kosea sekunde moja, umekosa kwa mita 250. Kosea sekunde nane, umetoka mjini Mwanza umeingia Saanane. Na ukikimbia kwa spidi yake kamili, ya kuzidi sauti, sekunde moja ni zaidi ya mita 400, huku mafuta yakinywewa kiasi kwamba huwezi kwenda hivyo safari nzima. Spidi ambayo kila kitu kilitolewa kafara kwa ajili yake, hata maisha ya rubani, haikumsaidia mtu kulenga.

Wamarekani nao hawakutoka salama. B-58, ndege yao ya mabomu iliyofika mara mbili ya spidi ya sauti, zilitengenezwa 116, zikaanguka 26, nyingine zikastaafishwa 1970 bila kupigana hata siku moja. Tu-22 angalau iliwahi kutimiza kazi: Februari 1986 moja ya Libya iliitoboa njia ya kurukia ya uwanja wa N'Djamena, mji mkuu wa Chad. Mwaka uliofuata nyingine ilirudi kule kule, ikatunguliwa na makombora ya Wafaransa. Hapo spidi ilikuwa imeshapitwa na makombora, na nadhani waliowatuma wale vijana walilijua hilo. Hili linaniuma mpaka leo, na linaniuma pia kwa ajili ya wale waliokuja kwetu.

Jioni, stesheni, nilimpigia mama Mwanza.

"Mama, nimeiona ile ndege. Aina ile ile."

Alikaa kimya kidogo. "Inanguruma?"

"Hapana. Imekufa. Nyasi zimeota chini ya matairi."

"Basi baba, usiiguse."

Nilikuwa nimeshaigusa, kwa kiganja kizima, pale kwenye milango ya mabomu.