Laptopu mpya na daftari la vituko vyake

Wiki ya kwanza. Nimeinunua Dar, mpya, ya boksi, ili nihamishe hesabu za dagaa za mama kutoka kwenye madaftari. Nimefika nayo nyumbani Mwanga, Kigoma, siku ya tatu ikazimika katikati ya kazi. Skrini ya bluu, maneno mawili ya Kiingereza, kisha ikajiwasha yenyewe kana kwamba haikufanya kitu. Mistari 40 ya mauzo ya mwaloni Kibirizi ikaenda na maji. Kosa langu pia, sikuwa nimesevu.

Wiki ya pili. Imezimika mara tano. Halafu kishale cha kwenye skrini nacho kimeanza kuruka kama panzi. Fundi wa jirani hata hakuifunua: "Dada, piga Windows upya." Kwetu hiyo ni kama dawa ya mseto, unapewa kabla hujapimwa. Nikapiga, yaani nikafuta Windows na kuiweka tena mwanzo. Siku mbili raha mustarehe, ya tatu ikazimika.

Basi nikachukua daftari la mama. Kila kituko naandika saa, programu zilizokuwa wazi, kama iko kwenye chaji, na maneno ya skrini.

Wiki ya nne. Kumbe nilikuwa nachanganya magonjwa mawili. Kishale huruka nyumbani tu, tena kwenye chaji tu. Kuzimika ni popote, hasa nikifungua mafaili mengi.

Nikaanza na kishale. Ikiwa kwenye chaji, nilipitisha mgongo wa kidole juu ya mfuniko wa chuma, nikasikia msisimko kama nyuki ndani ya kopo. Nikaichomoa ekstensheni ukutani, nikafungua plagi yake kwa bisibisi. Pini tatu, waya mbili: wa kahawia na wa bluu. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, hakuna, pini yake ya juu imewekwa pambo. Umeme huo ndio uliokuwa ukikichezea kishale. Chaja sasa naichomeka moja kwa moja ukutani, kishale kimetulia.

Kuzimika ndiko kulikonitoa jasho. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kila mara nakuta namba 41, Kernel-Power. Nilifurahi bure. Namba hiyo inasema tu mashine ilizimika bila kuagwa, haisemi muuaji ni nani. Daftari lilisaidia zaidi: mara saba nilizowahi kusoma skrini, nne ilikuwa MEMORY_MANAGEMENT, maneno yanayogusa RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikaiwashia hapo, nikalala. Adhana ya alfajiri ilinikuta natazama mistari myekundu ya makosa ya RAM. Kipimo hicho kinafanya kazi Windows ikiwa haijaamka kabisa, kwa hiyo ile hadithi ya kupiga upya nikaizika siku hiyo.

Mkono uliwasha kuitoa RAM niitazame, lakini skrubu moja ina stika ya waranti. Nikaipiga picha mistari ile myekundu, nikamtumia muuzaji. Jibu: "Jaribu kupiga Windows upya, bosi." Nikamtumia kurasa zote nne za daftari, na ile mistari myekundu tena. Kimya cha saa nzima, kisha neno moja: "Itume."

Leo. Imepanda basi la alfajiri, imeviringishwa kanga ya mama ndani ya boksi lake. Haya naandikia kwenye simu. Daftari mama amelichukua, ukurasa wa tano tayari una madebe ya dagaa.