Daftari la ng'ombe wa shangazi

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani, kijijini nje kidogo ya Tororo, mashariki mwa Uganda, nikakuta wanaume 7 chini ya mwembe na karatasi mezani. Kaka yangu alikuwa anauza kipande cha shamba la bondeni. Mnunuzi yupo, mashahidi wapo, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yupo na muhuri wake. Wifi yangu yuko jikoni anawachemshia chai, na hajui chai hiyo ni ya shughuli gani.

Nilisalimia wazee, kisha nikauliza swali moja. "Kaka, mama watoto atasaini wapi?"

Pakawa kimya. Halafu shahidi mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, akasema, "Haya, mfeministi amefika. Sasa hata kukohoa nyumbani kwetu tutaomba ruhusa." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kooni. Ndiyo maana naandika.

Malaba, mji wa mpakani ninakouza vitenge, nalisikia mara kwa mara. Madereva wa malori wakilitaja wanamaanisha mwanamke aliyeshindwa na ndoa. Wanawake wenzangu sokoni wanamaanisha msomi wa Kampala asiyejua kupika. Wengine wanasema ni mtu anayetaka wanaume wafue nguo za watoto huku yeye amekaa kwenye kochi. Hao wote wanamsimulia mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Ninachokijua mimi kuhusu ufeministi, yaani kudai mwanamke awe na haki sawa na mwanamume, nilikijua kabla sijalisikia neno lenyewe, kwenye daftari la baba.

Baba alikuwa polisi. Tulikulia kambini, na kambini lugha ni Kiswahili, awe baba wa mtu ni Mteso, Mlugbara au Mjapadhola kama sisi. Popote alipohamishwa alibeba sanduku la bati, na ndani yake daftari la jalada la bluu lililotafunwa na mende. Ukurasa wa pili ndio uliokuwa na mahari ya shangazi, dada yake mdogo. Ng'ombe jike mwekundu, pembe moja imevunjika. Ng'ombe jike mweusi. Ng'ombe jike wa madoa na ndama wake. Dume la kijivu. Mbuzi 4. Blanketi 2. Taa ya chemli. Kila mnyama ameandikiwa rangi yake. Shangazi hakuandikwa jina. Ameandikwa "binti".

Mwaka 1989 shangazi alirudi kwa baba amefungwa mkono kwa kanga, mfupa umevunjika. Nilikuwa na miaka 9, nilimshikia kikombe akanywa uji. Wiki ya tatu wakaja watu wa mumewe. Hawakuja kuuliza mkono unaendeleaje. Walisema kama ndoa imekwisha, ng'ombe warudi. Sasa ng'ombe wangetoka wapi? Mmoja alikwisha kufa, waliobaki walitolewa mahari baba mdogo alipooa. Wazee wakakaa jioni nzima, pombe ya wimbi katikati, wakaamua kwamba palipokosekana ng'ombe, arudi mke.

Akarudishwa. Akakaa huko miaka 2 mingine, hadi baba alipomaliza kununua ng'ombe mmoja mmoja kwa mshahara wake wa polisi. Nyumba aliyokuwa amechimbia msingi ilibaki msingi, nyasi zikaota humo. Mtu akiniambia kwamba ufeministi ni vita dhidi ya wanaume, namwona baba akihesabu noti kitandani usiku, anamnunua dada yake mara ya pili.

Shirika la MIFUMI, ambalo chimbuko lake ni huku kwetu Tororo, ndilo lililolifikisha jambo hili mahakamani. Walishindwa kwanza Mahakama ya Katiba, wakakata rufaa, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikasema kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikufutwa. Nasisitiza hapo kwa sababu mpaka leo kuna wanaoapa kwamba wanawake walikwenda mahakamani kuua mila. Binti yangu akichumbiwa, wageni watakuja na tutapokea. Ila hakuna atakayemtia kwenye mizani na ndama.

Siku ya hukumu hiyo nilimpigia baba simu kumweleza nilichosikia redioni. Alinyamaza sana. Kisha akauliza, "Na sisi tuliokwisha kulipa?"

Wanaosema mambo haya yametoka kwa wazungu, nawaomba waitazame sheria ya zamani ya uzinzi. Ilikuwa kwenye kanuni za adhabu tulizorithi kutoka kwa Mwingereza. Mke wa mtu akilala na mwanamume yeyote asiye mumewe, kosa. Mume wa mtu akilala na msichana asiyeolewa, si kosa. Waliokwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, ikafutwa 2007, walikuwa wanawake wa Uganda. Na zamani zaidi, Sarah Ntiro, mwanamke wa Uganda, alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na shahada yake ya 1954, akawa mwalimu shule ya wasichana ya Gayaza. Alipoona mwanamke analipwa pungufu kuliko mwanamume kwa kazi ileile, aliukataa mshahara huo, akaendelea kufundisha bure mpaka serikali ya kikoloni ikaona aibu. Sidhani kuna mzungu aliyemtuma.

Basi pale chini ya mwembe nilimgeukia mwenyekiti, kwa sababu yeye ndiye mwenye muhuri. Nikamwambia anajua vizuri kuliko mimi: Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mke akubali kwa maandishi kabla ya kuuzwa ardhi ambayo familia inakaa au inakula kutokana nayo. Mume naye hivyohivyo, kama anayeuza ni mke. Akakuna shingo, akasema, "Dada anasema kweli." Nadhani alikuwa analijua tangu asubuhi.

Wifi akaitwa. Akaja anapangusa mikono kwenye leso. Kaka akamsomea karatasi yote, sauti yake ikishuka kadiri alivyosoma. Wifi akauliza bei, akaambiwa. Akauliza pesa ni za nini, akaambiwa karo na deni la pikipiki. Akafikiri kidogo, akasema, "Bondeni kuna mihogo yangu. Mkiandika kwamba nitaing'oa mimi kwanza, sina neno."

Wakaandika, mnunuzi akakubali. Wifi akasaini polepole, jina lake lote, majina yote matatu, muhuri ukagongwa. Nakala moja aliikunja mara nne, akaenda kuiweka kwenye kopo anamotunza kadi za kliniki za watoto.