Sanamu ya watia saini wa Muungano: kazi iko kwenye vidole

Mtu akitajiwa Muungano, picha inayomjia haraka ni ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo. Hiyo si ya kutia saini. Hati za Muungano zilitiwa saini hapa Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, na Mwalimu pamoja na Mzee Abeid Amani Karume. Udongo ulichanganywa Dar es Salaam tarehe 27, Muungano ukiwa umeshaanza tarehe 26. Basi sanamu ya watia saini ni ya watu wawili na meza, na kibao chake kiandikwe 22.

Kwa kuitengenezea, la kwanza kupendekezwa ni zege, kwa bei yake. Zege si la kudharauliwa: sanamu za watumwa za Clara Sörnäs pale Mkunazini, za mwaka 1998, ni za zege. Lakini karibu na bahari nondo inataka kufunikwa kwa sentimita 5, na kidole chenyewe hakifiki unene huo. Chumvi ikipenya, nondo inapata kutu, kutu inavimba, kidole kinapasuka. Mchanga wa pwani ukitumika, chumvi imo tangu siku ya kwanza. Kwa mikono inayoshika kalamu, bora bronzi.

Mchanganyiko wa siku zote ni shaba asilimia 90 na bati 10. Sanamu huanza kwa udongo wa mfinyanzi, inatengenezewa kalibu, kalibu inatoa umbo la nta lenye unene wa milimita 5, nta inafunikwa ganda linalohimili moto kisha inayeyushwa, na madini yanamiminwa yakiwa na nyuzi 1,100 hivi. Mita moja ya mraba kwa unene huo ni kilo 44. Kimo kiongezwe robo, maana mtu wa saizi halisi akiwekwa uwanjani huonekana mdogo. Hapo kila mmoja anapita kilo 130.

Kalamu isichomelewe baadaye, itang'olewa. Isubiwe, yaani imiminwe, pamoja na mkono, ncha yake ikiwa imeshikana na karatasi. Uso wa meza uinamishwe kidogo, la sivyo maji ya mvua yatatuama na kuacha chumvi. Mikunjo ya koti nayo itobolewe matundu ya kutolea maji. Ndani kusibaki kipande cha chuma hata kimoja: kikigusana na bronzi penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholika. Bolti za kwenye kitako ziwe za stenlesi daraja 316. Daraja 304 hapa pwani haidumu.

Bronzi ikikaa nje huota kijani. Kijani kigumu kilichoshikana hakina neno. Cha kuogopa ni vidoa vya kijani kilichopauka, vya unga unga. Hiyo ni chumvi iliyokwisha ingia kwenye shaba, na kila unyevu ukirudi inaanza kula upya. Kuipaka nta juu ni kuifungia ndani. Kwangua mpaka madini safi, osha mara kadhaa, kausha kabisa, ndipo upake.

Matunzo ya kawaida ni mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Septemba kusi likianza kulegea. Tumia maji ya mvua, kwani visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi. Sabuni iwe laini, brashi ya nailoni, si ya waya. Nta nyembamba, isuguliwe kwa kitambaa. Vidole vinataka zaidi, kila mwezi, kwa sababu kila anayepita atavishika.