Igeuze Kwanza, Rangi Baadaye

Watu wakisikia nimeleta nyumbani fanicha nyingine kuukuu, swali la kwanza huwa lilelile: utaipaka rangi gani? Hakuna anayeuliza kama droo zinafunguka, kama miguu imekaa sawa, kama ndani mna dumuzi. Siwalaumu. Video za dakika moja zinaonyesha kabati chafu, brashi, muziki, na ghafla kabati la kijani lenye vishikio vinavyong'aa. Pale katikati palipokatwa ndipo kazi yote ilipo. Leo nataka kukaa hapo, maana juzi nimemaliza kabati la droo nne ambalo kila aliyeliona aliniambia nilipake rangi, na sikulipaka.

Kwanza, kununua. Nikienda kutazama fanicha ya mitumba, sianzi na uso wake. Naivuta kutoka ukutani, natazama mgongo, nainama chini yake, kisha natoa droo moja nje kabisa na kuigeuza. Muuzaji akishangaa, na ashangae. Uso unaweza kufichwa kwa vanishi ya jana. Chini ya droo hakuna anayejisumbua kupaficha. Kwenye pembe za droo natafuta meno yaliyochongwa yakang'atana, ubao wa mbele na wa pembeni. Nikikuta pini za stepla na gundi iliyochuruzika, si lazima niondoke, ila najua ninachonunua. Chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ikiwa imeingiwa na maji naiacha hata nikipewa bure. Pembe ikishavimba na kuanza kumung'unyika, hairudi. Huwezi kuiranda, na skrubu haishiki.

Matundu ya dumuzi huwatisha wengi kupita kiasi. Yale matundu madogo ya duara, ya milimita 1 au 2, ni milango ya kutokea. Mdudu alikulia ndani ya mbao akiwa buu, akatoboa njia akaondoka, pengine miaka mingi iliyopita. Mimi natafuta unga. Natandika karatasi nyeupe chini, nagonga ubao kwa kiganja, nasubiri. Ukidondoka unga mwepesi wenye rangi ya mbao iliyokatwa leo, mpangaji bado yumo ndani, na sitaki kuhama naye. Matundu yakiwa makavu, yenye vumbi la zamani na kingo zilizopauka, naendelea kuzungumza bei.

Halafu harufu. Ingiza kichwa ndani ya kabati, ufunge mdomo, uvute pumzi. Ukungu na moshi wa sigara hukaa kwenye mbao za ndani ambazo hazijawahi kupakwa kitu, kwa hiyo rangi ya nje haitakusaidia. Jua na upepo huondoa sehemu kubwa. Kinachobaki nakifungia kwa koti moja la shelaki, vanishi ya asili inayoyeyuka kwa spiriti, ndani ya droo, na mpaka leo haijaniangusha.

Sasa hilo kabati langu. Lilikuwa la kahawia iliyokaribia nyeusi, likinata ukiligusa, kishikio kimoja hakipo, droo ya chini imekwama, na juu kuna duara jeupe la kikombe cha mtu asiyejulikana. Dada yangu alilitazama mara moja tu: "Piga nyeupe, umalizane nalo." Nikamwambia anipe muda nilioshe kwanza.

Kuosha si kumwagia maji. Nachukua maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, nalowesha kitambaa, nakikamua mpaka kiwe na unyevu tu, nafuta kipande kidogo, nakausha hapohapo. Baada ya hapo natumia tapentaini, maana sabuni haiondoi nta ya fanicha iliyolundikana miaka na miaka. Kwenye ule ubao wa juu, kitambaa kilitoka na uchafu mzito wa rangi ya chai. Nikageuza upande, kikatoka tena. Nikabadilisha kitambaa. Pole pole mistari ya mbao ikaanza kuonekana, myembamba upande mmoja, mipana na yenye mawimbi upande wa pili, na ule weusi wote kumbe ulikuwa nta, vumbi na mikono ya watu. Dada alipopita tena hakusema neno, akachukua kitambaa kingine akaanza upande wa mlangoni.

Kabla ya kushika msasa, pima kwanza mbao imepakwa nini. Tafuta mahali pasipoonekana, chini ya ukingo au nyuma ya mguu, weka tone la spiriti, subiri kidogo, kisha gusa. Ikinata, hiyo ni shelaki. Kama haijabadilika, jaribu tone la tina, kile kiyeyusho cha rangi. Ikilainika, ni laka, aina nyingine ya vanishi. Ikikataa zote mbili, huenda ni vanishi ngumu ya kisasa ya poliyurethani, na hapo ndipo utahitaji nguvu zaidi. Shelaki hutokana na utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, na uzuri wake ni kwamba spiriti huiyeyusha hata ikiwa imekauka muda mrefu. Koti jipya hushikana na la zamani, yanakuwa kitu kimoja. Hakuna haja ya kukwangua kila kitu na kutimua vumbi nyumba nzima.

Kwenye tone la spiriti, kabati langu lilinata. Ni shelaki. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Duara jeupe la kikombe liliondoka kwa kitambaa kilichoguswa spiriti kidogo mno, nikikipitisha haraka bila kusimama mahali pamoja. Weupe ni unyevu ulionaswa ndani ya koti la juu, haujafika kwenye mbao. Duara jeusi ni habari nyingine kabisa: maji yameshapenya, yakakutana na chuma na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, na hapo msasa peke yake hukuchosha bure. Watu hutumia asidi ya oksaliki, wakiwa wamevaa glavu na miwani. Mimi madoa ya namna hiyo mengi nayaacha. Meza iliyotumika ina haki ya kuonekana imetumika.

Viungo ndivyo vinavyokula muda. Droo ya chini ilikwama kwa sababu pembe moja ilikuwa imeachia, na mtu fulani aliwahi kuitia gundi nyeupe juu ya gundi ya zamani. Haishiki hivyo. Gundi nyeupe ya mbao inataka kuingia kwenye nyuzi za mbao. Ikikuta gundi kavu imetangulia, inakaa juu juu tu na kubanduka mtu akivuta droo kwa hasira. Fanicha nyingi za zamani ziliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulainika kwa joto na maji. Nikaweka kitambaa chenye maji ya moto kwenye kiungo, nikasubiri, nikakitenganisha taratibu kwa nyundo ya mpira, nikakwangua yote kwa patasi mpaka mbao safi ikaonekana. Gundi mpya, kisha kubana. Kama huna jiliwa, kile chombo cha kubania, funga kamba kuzunguka droo nzima, pitisha kijiti katikati ya kamba, zungusha mpaka ikaze. Kabla hujaondoka pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa mshazari. Vipimo visipolingana, droo imepinda, nayo ikikauka hivyo itakusumbua maisha yake yote.

Skrubu za bawaba zinazozunguka bila kukaza ni jambo dogo: jaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi, acha vikauke, kata vilivyobaki juu, rudisha skrubu. Na reli za droo, pitisha mshumaa juu yake.

Niseme pia kuhusu kiti, maana kilinifundisha jambo tofauti. Ni kile cha mbao za duara zilizokunjwa kwa mvuke, mnakijua hata kama hamjui jina lake, kimejaa kwenye picha za mikahawa ya zamani. Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti namba 14 mwaka 1859: vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Vikifunguliwa, viti 36 viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa vivyo hivyo hadi ng'ambo. Changu si cha Thonet, ni kitukuu wa mbali, lakini kimefuata mpango uleule. Kilikuwa kinayumba. Bisibisi moja, skrubu zote zikakazwa, kikatulia. Tangu hapo nikitazama fanicha huwa najiuliza kwanza kama aliyeitengeneza alifikiria kwamba kuna siku mtu atahitaji kuifungua.

Basi rangi, nani kasema naichukia? Inafaa pale ambapo mbao haina cha kuonyesha: meza ambayo vinia yake, ule ubao mwembamba uliobandikwa juu, imeng'oka nusu, chipubodi iliyofunikwa melamini, kabati lililotengenezwa kwa mabaki ya mbao za aina tatu. Osha, piga msasa namba 120 kisha 180 kuondoa mng'ao tu, andakoti (koti la chini la kushikilia rangi), kisha makoti mawili mepesi badala ya moja zito. Ukipaka nyeupe juu ya mbao nyekundu au nyeusi, tegemea madoa ya njano yanayojitokeza baada ya siku chache. Hiyo ni tanini inayopanda juu, na ukiongeza rangi ya maji utakuwa unailisha. Andakoti yenye shelaki ndiyo huizuia. Jambo lingine ambalo video hazisemi: rangi ya maji inaweza kukauka mkononi ndani ya saa moja au mbili, lakini kukomaa hasa huchukua wiki kadhaa. Weka taa au vitabu mapema mno, uvinyanyue na rangi ikiwa imegandia chini yake.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku matumizi yake majumbani mwaka 1978, na kwingine ilichelewa zaidi, kwa hiyo kiti cha mtoto kilichopakwa matabaka matano na watu usiowajua usikipige msasa mkavu. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Kipime kwanza, usipoweza, kiache, au kifanyie kazi kikiwa kimelowa, nje, na barakoa ya maana usoni, si kitambaa cha kujifunga.

Na matambara yaliyotumika kupaka mbao mafuta ya kitani msiyakunje mkayatupa kwenye pipa. Mafuta yale hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yakivuta hutoa joto. Kitambaa kilichofinyangwa hulihifadhi joto hilo mpaka kiwake chenyewe, bila kiberiti. Mimi huyaanika yakiwa yamekunjuliwa, nje, moja moja, na yanatupwa yakishakuwa makavu magumu.

Vishikio. Hapa watu hununua kwanza kwa sababu ya uzuri, kisha wanagundua matundu hayaoani. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Vya kisasa vingi hufuata hesabu ya milimita 32: 64, 96, 128, 160. Vya zamani vilivyopimwa kwa inchi mara nyingi vina inchi 3, ambazo ni milimita 76, na hakuna kishikio cha 96 kitakachokubali kwa kusukumwa. Nilivyokosa cha kufanana na vile vitatu vilivyobaki, nilivihamishia vyote droo za juu, na ile ya chini nikaitia vifundo viwili vya mbao. Mume wangu anasema kabati linaonekana limevaa viatu tofauti. Yeye ndiye anayelitumia zaidi.

Kuhusu chumba chenyewe nitakuwa mfupi. Weka fanicha mahali pake kwanza, kisha ndipo uchague rangi ya ukuta, maana ukuta ni rahisi kubadilisha kuliko mbao. Paka rangi kwenye kadibodi kubwa, iegemeze karibu na kabati asubuhi, ihamishie ukuta wa pili jioni, itazame usiku taa ikiwaka. Na kabla hujailaumu rangi, tazama balbu. Ya kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga) inatoa mwanga wa manjano unaozipendeza mbao. Ya 6500 inawaka weupe wa samawati, na kahawia niliyohangaika nayo inageuka kijivu. Kubadilisha balbu ndiyo ukarabati wa haraka kuliko wote ninaoujua, na hauhitaji hata msasa.

Kabati sasa liko chini ya dirisha, limepata makoti mawili ya shelaki na nta juu. Droo ya chini bado inabana kidogo hewa ikiwa na unyevu mwingi. Dada ananiambia niirande. Siirandi: mbao hutanuka kwa upana zikinywa unyevu na kunywea zikikauka, na nikiiondolea hizo milimita leo, wakati wa ukavu itabaki na pengo la kupitisha kidole. Kwa sasa unaivuta kwa mikono miwili, kushoto ikitangulia kidogo.