Siku ya Kifungu cha Wapendekezaji

Fomu ya yule mwalimu ilirudishwa kwa sababu nafasi mbili za chini zilikuwa tupu. Katiba ya chama chetu cha kitaaluma ilitaka kila mwombaji apendekezwe na wanachama wawili wanaomfahamu. Yeye alikuwa mwalimu wa sekondari aliyepima mvua nyuma ya darasa lake kwa miaka mingi, na hakumfahamu hata mmoja wetu.

Nilikuwa kwenye kamati ya uanachama, kwa hiyo nakala za daftari lake nilizisoma. Kila siku ilikuwa na mstari wake: milimita, saa ya kusoma kipimo, na pembeni, pale ilipobidi, maneno kama "kipimo kimeinama, isitumike." Anayezitilia shaka takwimu zake mwenyewe namna hiyo ni mwanasayansi, awe na shahada asiwe nayo.

Nikapeleka hoja kwenye mkutano mkuu: kazi ya mwombaji isomwe kwanza, jina likiwa limefichwa, na asiye na wapendekezaji asikataliwe kwa hilo.

Mzee mmoja aliyenifundisha, ninayemheshimu mpaka leo, alisimama kupinga. Alisema kifungu hakimbagui mtu, kinalinda hadhi ya chama. Wengi wakaitikia kwa vichwa.

"Shikamoo Mwalimu," nikaanza, kisha nikawasimulia habari za Hertha Ayrton, mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1902 jina lake lilipelekwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi wa huko, likakataliwa: wanasheria walisema mwanamke aliyeolewa hawezi kuwa mwanachama. Huyo ndiye aliyeeleza kwa nini taa za arki, zile za umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni, zilikuwa zikitoa mlio, kwamba ni oksijeni inayoifikia kaboni inayowaka. Mwaka 1904 alisoma mwenyewe mbele yao makala kuhusu viwimbi vya mchanga. Mwaka 1906 wakampa Nishani ya Hughes, tuzo yao ya ugunduzi wa kisayansi. Uanachama hakuupata hadi anafariki mwaka 1923. Wanawake wa kwanza walichaguliwa mwaka 1945. Na utafiti wake wa maji na mikondo ndio uliozaa pepeo za mkono za kufukuzia gesi ya sumu kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza.

"Hata wao walikuwa wanafuata kanuni, Mwalimu," nikamwambia. "Sisi tumejiandikia kwenye katiba kwamba elimu yetu ni kwa manufaa ya wote. Mkulima anayetaka kujua mvua imebadilikaje atafaidika na daftari hili kuliko na hadhi yetu."

Alinyamaza kidogo, akaomba apewe zile nakala. Alizisoma palepale, miwani ikiwa imeshuka puani, wakati wengine wakiendelea kubishana. Kura zilipopigwa, hoja ilipita, naye akiwa ameinua mkono.

Kiingilio hakikuguswa. Bado ni kikubwa mno kwa mshahara wa mwalimu, na kila mkutano mkuu ninakirudisha kwenye ajenda.