Ukipigwa tochi: kagua kabla hujalipa

Madereva wengi kwenye barabara kuu za Tanzania wakiambiwa "umepigwa tochi", yaani umenaswa na kamera ya kupima mwendo, hutoa leseni na kukubali papo hapo. Usikubali wala usibishe kabla hujaiona picha. Kosa la mwendo lina ushahidi wa macho, na ni halali yako kuuona.

Trafiki mwenye tochi anaweza kukunasa ukiwa mita mia kadhaa kutoka alipo, hata hujaiona sare yake nyeupe. Picha hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, na huyo ndiye anayekusimamisha. Ndiyo maana kukanyaga breki ghafla baada ya kuona sare hakukuokoi, tena ni hatari. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na lori lililosheheni mzigo nyuma yako haliwezi kusimama haraka kama wewe.

Kwenye makazi mwisho ni 50, na mwendo huo unaanzia kwenye kibao chenyewe cha 50. Kwa hiyo ondoa mguu kwenye mafuta mara tu unapokiona kwa mbali, ili ukikifikia uwe umeshashuka. Lakini wengi hunaswa wakitoka kijijini, si wakiingia tu. Nyumba zikipungua dereva anaongeza moto, kumbe kibao cha 50 kilichokatwa kwa mstari bado kiko mbele. Mpaka ukipite hicho, uko ndani ya 50, hata kama pembeni ni mashamba matupu. Mabasi na malori ya zaidi ya kilo 3,500 hata nje ya makazi mwisho wao ni 80.

Ukisimamishwa, washa indiketa ya kushoto, toka nje ya lami kabisa, kisha washa hazadi. Usiku washa na taa ya ndani. Msalimie afande, muulize kosa ni lipi, halafu omba picha. Angalia mambo manne: namba ya gari ni yako? Mwendo ni upi? Saa inaendana na muda uliopita pale? Na mahali, je, ni ndani ya vibao au nje? Hili la mahali ndilo lenye ubishi mwingi. Kama kibao kimeng'olewa au kimefunikwa na majani, sema hapo hapo kwa utulivu, na ukiweza rudi ukakipige picha siku hiyo hiyo.

Picha ikiwa sahihi, kubali uandikiwe. Faini ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja, kwa hiyo hakikisha idadi ya makosa kwenye karatasi ndiyo mliyozungumza. Utapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12. Lipa kwa simu kupitia malipo ya serikali, au benki. Pesa taslimu mkononi mwa mtu haifuti deni popote, na ukiombwa rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Usipokubaliana na kosa, sema hutaki kulipa na uko tayari kwenda mahakamani.

Tochi ikikukosa, ukaguzi bado upo: leseni yenye daraja la gari unaloendesha, bima iliyo hai, mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake uko kwenye kijani, pembetatu, tairi zisizo kipara. Taa ya breki husahaulika kirahisi kwa sababu dereva haioni. Rudisha gari karibu na ukuta jioni, kanyaga breki, utazame mwanga kwenye kioo.

Na kwa wanaonunua gari la mkononi: deni hufuata namba ya gari. Ingiza namba hiyo kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya barabarani kabla hujatoa hela, na muuzaji alipe yote kwanza.