Siku ya Hina, Habari za Bombay

Binti yangu alikuwa akipitisha video kwenye simu, akanigeuzia kioo. "Mama, si huyu yule wako? Sasa hivi ana miaka mingapi?" Watoto wa leo wameuokota tena ule wimbo wa Saat Samundar na wanauchezea kila mahali. Nikamwambia hana miaka, alikufa akiwa na kumi na tisa. Binti yangu ana ishirini na mmoja. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe alikuwa mdogo wangu," akapitisha video nyengine.

Mdogo wake! Sisi Divya Bharti, nyota wa filamu za Kihindi, tulimwona mwanamke mzima. Ameolewa, ana nyumba yake, na mwaka ule mmoja wa 1992 filamu zake zilitoka kama kumi. Tukimhesabu ni wetu, maana Vishwatma, filamu yenye wimbo huo wa Saat Samundar, ilipigwa hapa Kenya. Kila mtu alikuwa na mtu aliyemjua mtu aliyemwona kwa macho Nairobi, ingawa hakuna aliyeweza kukuleta mpaka kwa huyo mtu mwenyewe.

Bibi naye, aliyesema filamu za Kihindi ni upotevu wa umeme, alikuwa ameipenda Deewana. Mume anadhaniwa amekufa, mke anaolewa na kijana mgeni (ndiyo filamu ya kwanza ya Shah Rukh Khan kutoka), halafu mume wa kwanza anarudi mzima. Bibi alituamuru tusimamishe deki ya video katikati, akaanza kutupigia hesabu za eda na hukumu ya mume aliyepotea. Kwake yeye hiyo haikuwa hadithi ya mapenzi, ilikuwa kesi ya kadhi.

Basi ilikuwa Aprili 1993, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, shule zimefungwa, harusi kila mtaa wa Mji wa Kale, Mombasa. Ya kwetu ilikuwa ya Dada, mwana wa mama mkubwa. Nguo zetu za siku ya kupamba zilikuwa kwa fundi, zinashonwa kwa kuiga picha ya Divya kwenye jarida, na fundi alikuwa ameshatuapiza kwa ajili ya ile mikono.

Siku ya hina chumba cha ndani kilijaa wasichana. Dada amekaa kitako juu ya mkeka, miguu ameinyosha, mikono imelazwa juu ya mito, hina mbichi imempanda mpaka karibu na viwiko. Ameambiwa asijitikise. Somo wake, mama wa kumfunda, yuko pembeni anamkumbusha, kama alivyomkumbusha wiki nzima, kwamba bi harusi halii, macho yatavimba apambwe kama aliyepigwa.

Binti wa Kibohora, Mhindi Mwislamu wa nyumba ya mkabala, akasimama mlangoni. "Wamepiga simu kutoka Bombay," akasema. Tukadhani ni bomu jengine. Tangu milipuko ya tarehe 12 Machi redio ilikuwa haitaji Bombay ila kwa maiti, na yeye ana jamaa zake kule. Akasema la, wao wazima. Ni Divya. Ameanguka dirishani, ghorofa ya tano, nyumbani kwake. Jumatatu usiku.

Kilio kilichozuka pale, mtu wa njiani angedhani mwenye nyumba amefariki. Mmoja alijitupa kitandani juu ya magunia ya zawadi. Mwengine alikuwa akirudia tu, "Muongo wewe, muongo wewe." Mimi nililia kwa kwikwi. Kisha nikamwona Dada. Machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na hana mkono wa kuyafuta. Nikamwendea kwa magoti, nikashika pembe ya leso yangu, nikawa namfuta. Nikifuta jicho moja, la pili linajaa. Wanja ukamchuruzika mashavuni. Mtia hina ananikemea, "Taratibu, ua la kiganja hilo!" na Dada mikono yake haitikisiki hata kidogo, mwili mzima unatetemeka lakini mikono imetulia juu ya mito.

"Uchuro!" Bibi huyo ameingia. "Mwalilia nini ndani ya nyumba ya harusi?"

"Divya amekufa, Bibi."

"Divya gani?"

"Wa Deewana."

Bibi akanyamaza. "Yule wa waume wawili?"

"Ndiye."

Tulingoja matusi. Bibi akavuta kigoda, akakaa, na mwaka mzima nilikuwa sijamwona akikaa siku ya shughuli. "Mamake yu hai?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Mumewe tulimjua kwa jina, hereni zake tungeweza kuzichora, lakini mama hatukuwa tumewahi kumfikiria. Somo akafungua kinywa kumkanya Dada, Bibi akamzuia kwa mkono. "Mwache alie."

Kisha ubishi: Divya asomewe dua au asisomewe? Mmoja akasema alisilimu alipoolewa na Sajid Nadiadwala, mwengine akasema hayo ni maneno ya majarida. Bibi akakata shauri. "Mungu anamjua. Wewe, tia hina."

Harusi ikaenda ilivyokwenda, chakacha mpaka alfajiri. Mitaani ikaanza hadithi ya pili: kasukumwa, kajirusha, kalewa. Kila kibaraza kilikuwa na mpelelezi wake. Polisi wa kule walifunga faili mwaka 1998 wakasema ni ajali, na sidhani kama kibaraza hata kimoja kilikubali. Filamu yake Rang ilitoka miezi michache baada ya kifo, tukaikodi, tukakuta anacheka sana, hatukuimaliza. Laadla ambayo alikuwa ameshaipiga sehemu kubwa ilirudiwa upya na mwigizaji mwengine, Sridevi, nasi tukamchukia Sridevi wa watu bila kosa.

Dada alipelekwa Muscat kwa mume aliyekuwa amemwona kwa picha. Naye alikuwa na miaka kumi na tisa, jambo ambalo siku ile halikututoka mtu kinywani. Alikuja kututembelea juzijuzi, mcheshi, ana wajukuu, anakula bila kuacha kuzungumza. Nikamuuliza kama anakumbuka tulivyomlilia Divya.

"Mimi hata sikuwa nikimjua vizuri," akasema. "Nyinyi ndio mliokuwa mkikodi kanda."

"Na machozi yale?"

"Mlianza nyinyi. Nikaona hapa ndipo."

Akacheka, akaomba chai nyengine. Nikafikiri juu ya Bibi na swali lake la mama, na yule mwanawe Bibi wa kike, marehemu, tuliyemjua kwa jina tu kwenye dua. Mimi lakini nilimlilia Divya mwenyewe, nasema kweli. Wakati ule sikuwa na jengine la kulilia.